Kisu Kimoja, Zizi Moja

Alishuka stesheni ya Kigwa kutoka treni ya mchana akiwa na masanduku mawili, na mimi ndiye niliyetumwa kumpokea. Sanduku moja lilikuwa la nguo. La pili lilikuwa dogo, la mbao, lenye kitasa cha shaba. Nilipotaka kulifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli yangu, kama nilivyofunga magunia na madebe miaka yote, aliniwekea mkono begani akasema kwa upole, "Hili nitalibeba mwenyewe, ndugu yangu. Ndani mna hadubini." Basi nikafunga lile la nguo. Tukatembea hadi kijijini, yeye kalikumbatia sanduku lake kama mama aliyetoka hospitali na kichanga, mimi nasukuma baiskeli iliyobeba suruali zake.

Tulikuwa tumekua pamoja Mtendeni, Tabora mjini, nyumba zetu zikitazamana. Baba yake alikuwa fundi wa kufua bati, akitengeneza vibatari na makopo ya kupimia mafuta. Baba yangu alikuwa mchinjaji mwenye bucha sokoni. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukakalia mkeka mmoja, na kila nilipokwama kwenye aya maalimu hakunichapa, alisema tu, "Mtazame mwenzio." Ningependa angenichapa. Fimbo huwasha ikaisha, lakini kule kumtazama mwenzangu hakukuisha. Nilimtazama akifaulu mtihani niliofeli. Nilimtazama akipanda ndege kwenda kusomea udaktari wa mifugo katika nchi za baridi, wakati mimi nimepata kozi ya mwaka mmoja ya ubwana mifugo. Mama yangu, aliyenizaa mimi na wala si yeye, kila nikienda mjini likizo alinipakulia wali pamoja na habari zake.

Nilimwonea wivu, sitaficha. Na laiti angekuwa na majivuno ningepumzika, maana mtu mwenye majivuno hukupa haki ya kumchukia. Yeye hakunipa. Njiani siku ile aliuliza habari za ndugu zangu mmoja mmoja, akakumbuka hata jina la paka wetu wa zamani. Tulipofika kwangu alimwamkia mama mkwe wangu shikamoo akiwa ameinama, akala alichopewa, akasema hajala samli kama ile tangu aondoke nyumbani. Mke wangu akatabasamu mpaka nikaona jino lake la nyuma, ambalo nilikuwa sijaliona muda mrefu.

Kule kijijini nilikuwa na kitu kimoja ambacho yeye hakuwa nacho, nacho ni kuaminiwa na wafugaji. Pori letu lina mbung'o wengi, na ng'ombe asiyedungwa sindano ya nagana, ugonjwa wanaouleta, hamalizi mwaka. Kwa hiyo mkono wa bwana mifugo ni riziki ya watu. Wangu waliuita mkono mwepesi. Ng'ombe aliyemburuta mchungaji wake asubuhi nzima akifika kwangu anatulia. Wazee walikuwa wakinitania kuwa wanatulia kwa woga, kwa sababu wananinusa harufu ya bucha ya baba. Nilicheka nao. Sikuwa na shahada wala hadubini, lakini nikipita na baiskeli mtu alikuwa akitoka kwenye tumbaku yake na jembe mkononi, kuja tu kunisalimia. Nilipomwona yule bwana akiingia kijijini na sanduku lake, nilijua kuwa hicho ndicho kitu kitakachoondoka.

Alikuwa ameitwa kwa sababu ya ng'ombe wa mjane mmoja. Kijiji kizima kilimwita Mayu, yaani mama, ingawa watoto wake mwenyewe walikuwa wamehamia mbali. Alikuwa na ng'ombe wanne, na mmoja wao, jike la rangi ya majivu aliyelitegemea kwa maziwa, alikuwa ameota uvimbe chini ya taya na mbele ya bega, matezi yaliyojaa kama viazi ndani ya soksi. Kisha jicho moja likaanza kusukumwa nje. Nilimdunga sindano ya nagana. Nikamdunga tena. Nikampa kila kilichokuwamo kwenye sanduku langu la dawa, na kila wiki alikuwa amekonda zaidi. Mayu alikuwa akinishukuru kila nikidunga, akiniletea mayai mawili ndani ya kata, na mimi nikiyapokea.

Watu walianza kunong'ona. Ng'ombe wote wa kijiji walikuwa katika zizi moja tangu siku za kuhamia Ujamaa, na mwingine wa jirani naye alikuwa ameota tezi. Wakasema Mayu ameleta mkosi zizini. Wengine walisema neno baya kuliko mkosi. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda mambo yaishe, alisema ugonjwa ukithibitika umetoka kwa Mayu, yule mgonjwa atachinjwa na watatu waliobaki watatolewa zizini waende wanakojua. Wanakojua ni porini kwenye mbung'o. Kila mtu alielewa kuwa hiyo ni hukumu ya kufa kwa ng'ombe, na kwa bibi yule pia, maana hakuwa na shamba la maana wala mtu wa kumlimia.

Mwenzangu alianza kazi siku ya pili. Alimtazama yule ng'ombe, akambonyeza matezi kwa vidole, akavuta kope. Kisha akasema anataka damu ya ng'ombe wote, si wa Mayu peke yake. Na namna alivyoitoa ilinitia kichaa. Kila ng'ombe sindano yake. Ikishatumika inatupwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, haishikwi tena mpaka ichemke muda aliopima kwa saa yake. Kazi ambayo mimi ningeimaliza kabla ya jua kuwaka ilikula siku tatu. Nilikaa pembeni nikiwatania wachungaji, nawaambia daktari wetu anapika supu ya sindano, asiyekula nyumbani asubiri. Walicheka, lakini walicheka kidogo. Walikuwa wanamtazama anavyoandika namba ya kila ng'ombe kwenye kichupa cha damu kwa mwandiko mzuri. Siku ya kwanza walimwita bwana mgeni. Siku ya tatu walimwita daktari, na mimi nikabaki kuwa bwana mifugo, jina ambalo mpaka wiki hiyo lilikuwa linanitosha.

Jioni alinieleza akiwa kwangu barazani, mke wangu akimmiminia chai. Alisema anadhani ni virusi vinavyoishi ndani ya chembe nyeupe za damu. Ng'ombe wengi wakivipata hawaonyeshi kitu mpaka wanakufa na uzee wao. Wachache, baada ya miaka, ndio huota matezi na kukonda, na hao hawaponi. Hakuna dawa wala chanjo. Kwa hadubini aliweza kuona chembe nyeupe zimezidi, lakini hiyo haikumtosha kuhukumu. Ilimbidi aache damu igande, achukue maji ya juu yaliyo safi, ayapeleke Dar es Salaam kwa treni ndani ya chombo chenye barafu. Huko watayatia katika kishimo kidogo kwenye kisahani cha kitu kama uji ulioganda, mkabala na maji yenye virusi vinavyojulikana. Yakikutana katikati na kuchora mstari mweupe, ng'ombe huyo ameshakutana na ugonjwa.

"Mstari mweupe tu?" mke wangu akauliza.

"Mstari tu, shemeji. Mwembamba kama uzi."

"Ajabu hii," mke wangu akasema, na uso wake ulikuwa umewaka. Mimi nilikuwa nimemweleza habari za magonjwa ya ndigana, sotoka na kimeta kwa miaka saba ya ndoa, na hakuna hata siku moja aliyosema ajabu.

Kisha mwenzangu akanigeukia. "Unaambukizwa kwa damu," alisema. "Tone ambalo hulioni linatosha. Nieleze, ndugu yangu, ni lini ng'ombe wote hawa walitoka damu pamoja?"

Nilijua siku hiyo. Hakuna aliyeijua kuliko mimi.

Ilikuwa miaka minne nyuma, wakati vitongoji vitatu vilipohamishwa kuja kuwa kijiji kimoja kando ya njia ya zamani ya misafara. Kila ukoo ulikuja na ng'ombe wake na alama yake ya sikioni. Huyu anakata ncha ya sikio la kulia, huyu anachanja pembeni, huyu anatoboa. Serikali nayo ilituletea majike sita ya maziwa yenye mabaka meusi na meupe. Ikaamuliwa ng'ombe wote wakatwe alama moja ya kijiji. Ugomvi uliozuka haukuwa juu ya alama, ulikuwa juu ya kisu. Kwa desturi ya wafugaji wale, sikio la ng'ombe hukatwa kwa kisu cha nyumba yake, na kisu hicho hakigusi ng'ombe wa mtu mwingine, kwa sababu damu ya zizi ni ya zizi. Kila mzee akasimama na kisu chake. Mwenyekiti alikaribia kulia.

Ndipo nikasimama mimi, kijana wa mjini, nikawaambia kuwa hayo ndiyo mambo tuliyokuja kuyazika. Tukitumia visu ishirini tutakuwa na mazizi ishirini ndani ya ua mmoja. Nikasema, "Kisu kimoja, zizi moja." Walipiga makofi mpaka vumbi likaruka. Nikachomoa kisu kidogo cha baba yangu cha kuchunia, chuma cha zamani kinachonyoa nywele za mkono, nikasoma bismillahi nikaanza. Ng'ombe walipita kwenye kibanio cha magogo mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikata, nikafuta kisu kwenye kitambaa kilekile, nikataja mwenye ng'ombe, na mke wangu, aliyekuwa akifundisha elimu ya watu wazima na ana mwandiko mzuri, aliandika kwenye daftari. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemaliza ng'ombe zaidi ya mia. Watu walinibeba juu juu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana siku ile.

Nilikuwa nimefundishwa kuchemsha vyombo. Lilikuwa somo la wiki ya kwanza kabisa. Lakini mtu anapopigiwa makofi hawezi kuwaambia watu wasubiri sufuria ichemke.

Hayo yote yalinipitia kichwani wakati chai ya mwenzangu inapoa. Nikamjibu kwamba kweli kulikuwa na siku ya kukata masikio, lakini nilichemsha kisu kwa kila ng'ombe na kukipitisha kwenye spiriti. Nilikuwa na visu vitatu, nikasema, vinapokezana. Akauliza kama kuna orodha. Nikasema ilikuwapo, mchwa wameila.

Uongo ule niliutoa bila hata kujikuna. Mke wangu alikuwa amekwenda jikoni, la sivyo asingevumilia. Na sikuusema kwa kuogopa serikali. Niliusema kwa sababu nisingeweza kumpa yeye, kati ya watu wote wa dunia, kosa langu alishike mkononi. Nilijua pia maana yake kwa Mayu. Ikiwa kisu kilikuwa safi, basi ugonjwa uliingia kwa njia nyingine, na mgonjwa wa kwanza kuonekana alikuwa ng'ombe wake. Nililijua hilo na nikamalizia chai yangu.

Majibu yalichukua wiki nyingi. Siku hizo mwenzangu alikaa kijijini akifanya mambo ambayo mimi ningeyafanya, ila watu wakimshangilia zaidi. Alimzalisha ng'ombe aliyekwama. Alijifunza maamkizi ya Kinyamwezi na kuyatamka vibaya, na wazee wakafurahi kwa namna ambayo hawakunifurahia mimi niliyeyatamka vizuri. Alikwenda kwa Mayu kila asubuhi kumtazama yule mgonjwa. Mayu akaanza kumpelekea mayai. Niliyaona kwa macho yangu, mawili, ndani ya kata ileile.

Bahasha ilipofika alijifungia katika chumba cha ghala la tumbaku na orodha zake. Mchana nilirudi nyumbani kutoka joshoni kuogesha ng'ombe nikamkuta mke wangu anafua.

"Daktari alipita," akasema. "Alinipa pole kwa daftari langu kuliwa na mchwa. Nikamwambia mchwa gani? Daftari lipo ndani ya sanduku la kanga. Nikampa."

"Kwa nini umempa?"

Akaacha kufua. "Ameomba kwa adabu. Kwani lina siri gani?"

Nilikwenda ghalani kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Alikuwa amelitandaza daftari juu ya meza, kurasa za mke wangu, kila ng'ombe kwa mpangilio aliopita kwenye kibanio. Pembeni ya kila jina alikuwa ameweka alama ya penseli, nyekundu kwa mwenye ugonjwa, buluu kwa mzima. Alinisogezea kiti nione.

Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa buluu. Wa pili nao ulianza buluu. Kisha, katikati, akaja jike la kwanza la serikali, lile la mabaka, na hapo nyekundu. Aliyemfuata alikuwa jike la Mayu la rangi ya majivu: nyekundu. Aliyemfuata: nyekundu. Na aliyemfuata. Halafu buluu moja, nyekundu mbili, buluu tatu, nyekundu, mpaka mwisho wa daftari, zikitawanyika kama matone yanayodondoka kutoka kwenye kitu kinachokauka. Sikuhitaji shahada kuisoma. Ng'ombe wa Mayu hakuleta ugonjwa. Alikuwa amesimama tu nyuma ya ng'ombe wa serikali siku ambayo mimi nilikuwa nashangiliwa.

Nilingoja aniulize habari za visu vitatu na spiriti. Hakuniuliza. Alikunja daftari taratibu, akasema, "Kesho kuna mkutano. Nitaeleza kwamba ugonjwa uliingia na ng'ombe tulioletewa, ukaenea kwa vyombo. Sitasema mkono wa nani. Nitasema sisi wa idara ya mifugo tulikosea."

"Sisi?"

"Sisi, ndugu yangu. Na mimi ni wa idara."

Aliona ananisitiri, na kweli alikuwa ananisitiri. Nikatoka nje bila kumshukuru. Kilichonichoma hakikuwa aibu, au aibu ilikuwapo lakini chini kabisa. Kilichonichoma ni lile neno sisi. Nilimwona akilini, kesho yake, amesimama mbele ya watu, anabeba kosa ambalo hakulifanya, na watu wanampenda kwa hilo pia. Elimu alikuwa nayo, mama yangu alikuwa naye, mke wangu alikuwa akimmiminia chai na kusema ajabu. Sasa alitaka na kosa langu.

Mkutano ulikuwa uwanjani mbele ya ghala. Mayu aliketi chini upande wa wanawake, kanga imefunika mdomo, hamtazami mtu. Mwenyekiti alifungua kwa maneno marefu. Kisha mwenzangu akasimama, akaeleza vizuri sana, kwa lugha ya kila mtu, mpaka watoto waliokuwa wanacheza pembeni walinyamaza. Akasema ng'ombe wa Mayu hana hatia, akasema virusi vilikuja na ng'ombe wa nje. Akaweka mkono kifuani. "Na vyombo vilivyotumika siku ya masikio havikuchemshwa. Hilo ni kosa letu wataalamu. Sisi ndio tulioanguka, tunaomba radhi." Mzee mmoja mbele yangu alitikisa kichwa kwa huruma, akamwambia jirani yake, "Kijana huyu ana moyo." Nikamsikia.

Nikajikuta nimesimama.

"Huyu bwana hakuwapo," nikasema. "Siku ile alikuwa ng'ambo anasoma. Aliyekata ni mimi, na wote mliniona. Kisu kilikuwa kimoja, hakikuoshwa. Nilijua kuwa inapasa kuchemsha, nikaona nitachelewa. Alipokuja kuniuliza nilimdanganya. Nilisema nilikuwa na visu vitatu. Nilisema daftari limeliwa na mchwa."

Habari za mchwa hakuna aliyekuwa ameziuliza. Zilitoka tu. Mke wangu, kutoka upande wa wanawake, alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Watu walinisifu baadaye kwa ukweli ule, hasa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa. Nimewaacha wasifu. Lakini ninapoandika haya mimi ni mzee na sina wa kumfurahisha: sikusema kwa kumcha Mungu, wala kwa kumhurumia Mayu, ingawa alistahili. Nilisema kwa wivu. Nisingeweza kumwachia mtu yule hata dhambi yangu.

Mwenyekiti alikohoa, akasema kijiji kinampongeza ndugu kwa kujikosoa, na kwamba kujikosoa ni silaha. Hakuna aliyepiga makofi. Wale wazee waliokuja siku ile na visu vyao ishirini waliangalia mikono yao. Mayu alinyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda zizini kuwatazama ng'ombe wake.

Yule wa rangi ya majivu alikufa kabla ya mvua. Wale watatu walibaki, na kati yao mmoja tu, mtamba, alikuwa mzima. Mwenzangu alituonyesha la kufanya. Tulijenga zizi la pili, mbali na la kwanza, wagonjwa huku na wazima kule, na maji yao na wachungaji wao. Ndama akizaliwa na mama mgonjwa alitengwa akanyweshwa maziwa yaliyochemshwa, na damu yake haikupimwa mpaka afike miezi sita, kwa sababu kabla ya hapo kinga ya mama yake ingetudanganya. Wazima walipimwa tena na tena, maana aliyeambukizwa jana mstari wake hauonekani leo. Pembe za ndama zilichomwa kwa chuma cha moto badala ya kukatwa kwa msumeno. Waliokonda walipelekwa machinjioni. Kuhusu watu, alisema hakuna aliyethibitisha kwamba ugonjwa huu unampata mtu, ila chemsheni maziwa, hata bila ugonjwa huu chemsheni.

Sasa ikaja siku ya kudunga nagana, ya kwanza tangu mkutano. Tulijipanga mimi na yeye, kila mmoja na sufuria yake juu ya mafiga matatu, mmoja upande huu wa kibanio, mwingine upande ule. Wafugaji walikuwa wamefika na ng'ombe wao, wamesimama kwenye mstari. Hakuna aliyesogea. Nilijua wanaamua. Nilishika sindano ya kwanza na mkono wangu mwepesi ulikuwa mzito kama mchi. Nilimtazama mwenzangu akiwa amekunja mikono ya shati, safi, tayari. Nikajiambia kwamba leo ndiyo siku yenyewe, leo wanampa imani yao.

Mayu alitoka kwenye mstari akimvuta mtamba wake kwa kamba. Alifika katikati yetu, akasimama. Kisha akaja kwangu.

"Shikamoo, Mayu," nikasema.

"Marahaba." Akamfunga ng'ombe. "Mdunge wewe."

Sikuweza kujizuia. Nikamuuliza kwa nini, na daktari yupo pale.

"Daktari tunamwonea haya," akasema, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. "Akikosea nani atamwambia? Wewe tunaweza kukusimamia." Akasogea mpaka pua yake ikawa juu ya sufuria yangu. "Hiyo imechemka?"

"Imechemka, Mayu."

"Tangu saa ngapi?"

Nikamwambia. Akaniamuru nimwonyeshe ncha, nikamwonyesha. Nikamdunga mtamba, nikaitupa sindano majini, akahakikisha imezama. Hakuondoka. Alivuta kigogo akaketi karibu na moto wangu, na mstari wote ukasogea upande wangu nyuma yake, kila mmoja na ng'ombe wake na macho yake.

Nikageuka kumtazama mwenzangu. Nilitaka nimwone ameumia, hata kidogo, kwamba wamempita wakaja kwangu. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamenya karanga, ananitabasamia kwa furaha ya kweli. Nikachukua sindano ya pili, Mayu akauliza kama ni nyingine, nikamwambia ni nyingine, na roho iliniuma mpaka ng'ombe wa mwisho.